Tumefuata Maji

Hotuba hii niliitoa Malindi mbele ya walimu wapya waliopangiwa shule za bara. Wengi waliniomba niiandike. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, ila maamkizi marefu nimeyapunguza.

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wazee mliotoka mbali mkafika mapema kuliko sisi wa mjini: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Nimeombwa niseme na walimu wapya. Wengi wenu mnakwenda Marafa, Garashi, Hadu, Chakama, na huko mbele ambako barabara hukatika zikabaki njia za ng'ombe. Niliziona nyuso zenu barua zilipogawanywa. Aliyepangiwa Watamu, kule ufukweni, alitabasamu. Aliyepangiwa nyuma ya Chakama aliikunjua barua yake mara ya pili, labda amesoma vibaya. Siwalaumu. Huko ndiko nilikozaliwa, na jua lake nalijua.

Nataka kuwasimulia habari za mume na mke waliokuja huko kutoka ng'ambo miaka ya sabini, wakaishi ranchini wakitufunza sisi watoto wa wachunga ng'ombe. Walikuwa wamishonari. Majina yao sitayataja. Wametangulia mbele ya haki, na jamaa zao sikuwaomba ruhusa. Sisi tuliwaita Baba Mwalimu na Mama Mwalimu, na leo nitawaita hivyo hivyo.

Ranchi yenyewe ilikuwa kaskazini ya mto Galana, huu huu ambao ukikaribia bahari tunauita Sabaki. Ni nchi ya migunga na udongo mwekundu. Usiku ng'ombe hulala ndani ya maboma ya miiba kwa sababu ya simba. Baba yangu, Mgiriama, aliajiriwa pale kuchunga. Waliomfunza kazi walikuwa Waorma, ambao kwao ng'ombe si kazi ya kuajiriwa. Ni maisha tangu mtoto hajaota meno. Tuliishi pamoja, nyumba zetu za udongo zimepangwa mstari mmoja, kisima kimoja, josho moja.

Siku walipofika, wazee waliitwa chini ya mkwaju. Baba Mwalimu alikuwa amejifunza Kiswahili cha vitabuni, kizuri kabisa. Akasimama akasema, "Mimi ni mchungaji." Wazee wakatazamana. Mzee mmoja wa Kiorma, msimamizi wa kundi la mitamba, akamwuliza kwa upole, "Ng'ombe zako wako wapi?" Hakuwa akimfanyia mzaha. Kwetu mchungaji alikuwa mtu anayechunga, basi. Baba Mwalimu alinyamaza, kisha akajibu, "Sina. Nifunze." Kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa mlangoni mwa zizi na tochi mkononi, mkewe nyuma yake amejitanda kanga kwa ajili ya umande.

Jibu lile, walimu wangu, ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Maana walikuja na ratiba ya mjini. Kengele saa mbili, mapumziko saa nne, chakula saa saba. Juma la kwanza walipata watoto sita: wa karani, wa dereva, na wa fundi wa injini ya maji. Watoto wa wachunga hawakuonekana. Mtu mwingine angeandika barua makao makuu kwamba watu hawa hawataki elimu. Wao walikwenda kutazama saa mbili asubuhi tuko wapi.

Ngoja niwaeleze, kwa kuwa wengine wenu hamjawahi kulala karibu na zizi. Ranchi ilikuwa ya nyama, lakini kila familia iliruhusiwa kukama ng'ombe wachache. Ndama hufungiwa usiku peke yao, ama sivyo asubuhi hamna tone. Kazi ya mtoto ni kumfungulia ndama mmoja mmoja. Ndama humkimbilia mamake, hupiga kiwele kwa kichwa, hunyonya kidogo mpaka maziwa yashuke. Hapo mtoto humvuta kwa kamba ya shingoni akamshikilia kwenye mguu wa mbele wa mamake, ng'ombe amnuse, amrambe, atulie. Mama yangu hukama chuchu mbili, mbili humwachia ndama. Mtoto asiposhika vizuri, ndama huponyoka, ng'ombe hurusha teke, kibuyu humwagika. Kisha anafunguliwa wa pili, na wa tatu. Umande ukikauka kundi kubwa hutoka na wanaume na wavulana wakubwa, na sisi wadogo tunabaki na ndama kwenye majani ya karibu. Kengele ya saa mbili ilipolia, mimi nilikuwa nimeshika kamba.

Na hiyo ni siku ya kawaida. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hawanywi kila siku. Malisho ya karibu na maji yamekwisha, kwa hiyo leo wanakwenda mbali kula, kesho wanarudi kunywa. Siku ya maji ni siku ya watu wote. Hakuna mtoto wa kukaa kitako. Mifereji ya kunyweshea yataka kujazwa, makundi hayataki kuchanganyika, na ng'ombe aliyekaa na kiu siku mbili akinusa maji hamsikilizi mtu.

Baada ya juma tatu za kutazama, Mama Mwalimu alipaka chokaa ukuta mmoja wa darasa, akachora juu yake. Hakuandika Jumatatu wala Jumanne. Alichora ndoo, kupe, na jiwe la chumvi: siku ya maji, siku ya josho, siku ya kulambisha chumvi. Chini ya kila picha aliandika saa ya darasa. Siku ya maji hakuna darasa la mchana kabisa. Siku ya josho darasa liko kwenye josho lenyewe. Siku nyingine wadogo wasome saa tatu hadi saa sita, ndama wakiwa wamelala kivulini, na darasa lenyewe lilikuwa chini ya mgunga mahali ambapo ndama tunawaona. Wavulana wakubwa, ambao kutwa nzima wako porini, walisoma usiku kwa taa ya karabai ndani ya boma la miiba.

Usiku huo nao ulikuwa na mambo yake. Watoto wa Kiorma walikuwa na chuo chao. Maalim aliwasomesha Kurani baada ya alasiri, na watu wakubwa waliswali isha pamoja. Darasa la Baba Mwalimu lilikuwa limewekwa saa moja jioni, likaigonga isha. Maalim alikuja mwenyewe kusema naye. Walikaa kwenye ubao wa lori, wakanywa chai, wakaelewana kwamba darasa lianze saa mbili. Tangu siku hiyo maalim mwenyewe alikuwa akiwahimiza vijana waende. Ibada za Kikristo zilikuwa Jumapili, kwa aliyetaka. Sisi wengine tulibatizwa, wengine hawakubatizwa, na kwenye ubao wote tulisoma herufi zile zile.

Sisemi hawakukosea. Mara moja Mama Mwalimu alimfungua mtoto mchanga hirizi ya shingoni akiwa anamwosha kidonda, akaitupa. Hakuuliza. Mama wa mtoto yule hakugombana. Aliacha tu kuja, na wanawake wa nyumba nne wakaacha pamoja naye. Ilichukua karibu mwezi. Mwishowe Mama Mwalimu alikwenda nyumbani kwake, akakaa chini kwenye ngozi, akaomba radhi mbele ya bibi wa mtoto. Nasema haya kwa sababu baadhi yenu mtafika huko na digrii zenu, na mtaona mengi ambayo mkono wenu utataka kuyatupa.

Sasa nitarudi nyuma kidogo, kwenye historia, maana jambo hili la mwalimu na ng'ombe katika pwani yetu ni la zamani.

Wengi mnalijua jina la mmishonari Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mnajua kwamba katika mwaka huo huo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa. Watu wachache hukumbuka kwamba Krapf hakuja kwa ajili ya Mombasa. Alikuwa ametoka Ethiopia, na moyo wake ulikuwa kwa Waoromo, watu wa ng'ombe, ambao wakati huo waliitwa kwa jina la Wagala wasilolipenda. Waorma wetu ni ndugu zao. Alitaka kuwafikia kwa njia ya pwani. Akaishia Rabai, kwa wakulima. Mwenzake Rebmann alikaa Rabai pamoja na mkewe Emma miaka mingi. Emma akafariki mwaka 1866, na Rebmann akabaki mpaka macho yakapofuka.

Wakaja Wamethodisti na Thomas Wakefield, mwaka 1862, wakajenga Ribe. Nao pia waliwatamani Waoromo. Baadaye walifungua kituo Golbanti kwenye mto Tana, huko huko walipo Waorma na Wapokomo. Huko mwaka 1886 wapiganaji wa Kimaasai waliofuata ng'ombe walikivamia kituo, wakawaua mume na mke wamishonari, John na Annie Houghton. Mkipita njia ya Garsen wakumbukeni.

Mimi nikiitazama historia hiyo naona jambo moja. Misheni ilijenga nyumba ya mawe au ya udongo mahali pamoja, ikapiga kengele, ikangoja. Mpokomo mwenye shamba lake la migomba kando ya mto aliisikia kengele kila siku, kwa hiyo alisoma. Mgiriama na Mrabai mwenye minazi alisoma. Mwenye ng'ombe aliisikia kengele juma hili. Juma la pili alikuwa mwendo wa siku mbili, akifuata mvua. Si kwamba alikataa. Kengele haikumfikia. Na mkitazama leo kule Tana na bara ya Malindi ni watoto wa nani wako nje ya shule, mtaona bado ni wale wale.

Ndiyo maana wale wawili wa ranchini kwetu nawahesabu tofauti na waliowatangulia. Hawakuwa hodari kuliko Krapf. Krapf alikuwa bahari ya lugha. Lakini walikubali saa ya darasa iwekwe na ng'ombe.

Kusoma nilikosoma mimi hakukuanza na kitabu. Jioni moja Baba Mwalimu alisimama na sisi kwenye lango la zizi kundi likiingia. Akaona nafasi nzuri ya hesabu. Akanyoosha kidole, akaanza: mmoja, wawili, watatu. Baba yangu alikuja polepole, akaushika mkono wake, akaushusha. Kwa wazee wetu ng'ombe hanyooshewi kidole akahesabiwa, kama vile watoto wa mtu wasivyohesabiwa. Ni kuwaitia shari. Meneja wa ranchi alihesabu, lakini alitumia vijiwe mfukoni: akipita ng'ombe mmoja, kijiwe kimoja kinahama mfuko huu kwenda mfuko ule.

Baba Mwalimu akauliza: basi unajuaje kama mmoja amepotea? Baba yangu akamwambia asimame pale, atazame. Kundi likaingia, vumbi jekundu, harufu ya maziwa na samadi. Baba hakutikisa hata mdomo. Ng'ombe wa mwisho alipoingia akasema, "Hayupo yule wa doa kwenye nyonga, mtoto wa yule mwenye pembe iliyovunjika. Na ndugu yake anamtafuta, sikia anavyolia." Wakaenda na tochi, wakamkuta bondeni amezaa.

Mama Mwalimu aliposikia habari hiyo alichukua daftari, akakaa na baba yangu na mzee wa mitamba jioni baada ya jioni, akaandika ukoo wa ng'ombe. Nani ni binti wa nani, rangi gani, alizaliwa mvua gani. Akaandika kwa herufi kubwa, sentensi fupi fupi. Hicho ndicho kitabu changu cha kwanza. Sentensi ya kwanza niliyoisoma maishani mwangu nikaielewa ni hii: "Kipaji ni mama wa Mvua." Niliisoma mara ya kwanza kwa kukokota, mara ya pili nikanyanyua macho, na Kipaji alikuwa pale mbele yangu, ameweka baka lake jeupe usoni, anacheua. Sijui nikuelezeni vipi. Nilikuwa namjua Kipaji tangu kuzaliwa kwangu, na kumbe aliweza kukaa kwenye karatasi.

Hesabu tulizifunza kwenye josho, na hakuna aliyekasirika, maana tulihesabu lita za maji na vipimo vya dawa. Ukikosea dawa ikiwa kali, ng'ombe anaungua ngozi. Ikiwa nyepesi, kupe wanabaki na ndigana inaingia. Mtoto wa miaka kumi aliyeshika kijiti cha kupimia kina cha josho halali darasani. Watu wazima nao wakaanza kuja darasa la usiku. Baba yangu alikuwa akipokea mshahara kwa dole gumba. Mwisho wa mwezi mmoja karani alimsogezea kile kidau cha wino cha zambarau kama kawaida. Baba akakisogeza kando, akaomba kalamu. Aliandika jina lake kwa muda mrefu, watu mstari mzima nyuma yake wakangoja kimya, hakuna aliyemharakisha. Kisha akasoma kiasi kilichoandikwa kabla ya kukichukua.

Wasichana walikuwa shida nyingine. Asubuhi kukama, mchana kuni na maji, jioni kusuka maziwa. Mama Mwalimu hakuwaita darasani. Alikwenda kukaa nao kwenye kusuka. Kibuyu kimelazwa mapajani, kinakwenda mbele kinarudi nyuma, na kwa mwendo huo huo akawafunza: ba be bi bo bu, da de di do du. Siagi ikishika, somo limekwisha. Dada yangu alijifunzia hapo, na leo ni muuguzi.

Na walimu hao nao walifunzwa. Mnajua bara yetu ina mbung'o, na mbung'o wakiingia kundini, nagana inawakausha ng'ombe wakabaki mbavu. Ranchi ilikuwa na ng'ombe wake wa Kiborana waliotunzwa vizuri, na walidungwa sindano za Samorin, dawa ya nagana. Mzee wa mitamba alikuwa akisema siku zote kwamba ng'ombe wa Waorma, hata wakiwa wadogo wa umbo, wanastahimili mbung'o kuliko hao. Mabwana mifugo wengine walimwona anasifu vya kwao. Baba Mwalimu aliyaandika maneno yake kwenye daftari. Miaka ya themanini watafiti walifanya kazi pale Galana, wakawalinganisha ng'ombe wa Kiborana wa Waorma na wale wa ranchi, na wakaona ni kweli: wale wa Waorma wanaustahimili zaidi ugonjwa huo. Mzee yule alikuwa hai bado. Alipoambiwa alisema tu, "Alhamdulillahi," akaendelea kutoa miba kwenye kwato.

Nakuja kwa yangu mimi. Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, nikaajiriwa. Shule yangu ya kwanza ilikuwa bara hii hii. Mnadhani nilifanya kama wale walionilea? Nilivaa tai. Nilipiga kengele saa mbili kasoro robo. Kulikuwa na mvulana wa Kiorma, darasa la tatu, aliyefika kila siku saa tatu na nusu akinuka maziwa. Nilimwadhibu mara ya kwanza, mara ya pili; mara ya tatu nikamwambia arudi nyumbani akamlete baba yake. Hakumleta. Hakurudi tena. Nilijua vizuri kabisa saa mbili asubuhi mtoto yule alikuwa ameshika nini mkononi. Niliwahi kushika kamba hiyo hiyo mimi. Bado nikipita njia ya Hadu nikakuta mtu mzima na kundi lake huwa naangalia uso, kama nitamjua.

Mwaka 1984 ulikuwa mwaka wa ukame, wazee waliopo hapa mnaukumbuka. Mvua za mwaka hazikuja. Nilikuwa likizo, nikaenda ranchini kuwaona wazazi. Zizi tupu. Nyumba nyingi zimefungwa. Nikaenda darasani. Mlango umefungwa kwa waya, na juu ya mbao za mlango huo, kwa chaki, mwandiko wa Mama Mwalimu ninaoujua: "Tumefuata maji." Chini yake mshale unaoelekea kaskazini.

Nilipanda lori la ng'ombe mpaka lilipofika, kisha nikatembea na mchunga mmoja siku nzima. Tuliwakuta upande wa delta ya Tana, ambako majani ya mto yalikuwa bado yapo. Ubao wa darasa ulikuwa umefungwa kwenye mti wa mkoma kwa kamba ya katani. Ubao ule nilikuwa naujua: mbao tatu zilizopigiliwa pamoja, zimepakwa weusi wa mawe ya betri yaliyotwangwa. Waliusafirisha kwa mkokoteni wa punda. Baba Mwalimu alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Ng'ombe wengi walikufa njiani. Kipaji alikuwa amekwishakufa zamani kwa uzee, lakini wajukuu wake walilala kwenye njia ile. Watoto ishirini na kitu walikuwa wamekaa chini, vumbi mpaka kwenye kope, wanasoma majina ya ng'ombe waliokufa. Mama Mwalimu alikuwa amewaandikia wasisahaulike. Nilikaa nyuma, nikasoma nao.

Baada ya miaka michache afya zao zilidhoofika, wakarudi kwao. Shule ikapata walimu wa serikali, na majengo, na kengele ya chuma.

Walimu wangu, mambo mengi yamebadilika tangu hapo, na mengine kwa wema. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na watoto wakafurika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikawatambua watoto wa jamii za kuhamahama, kukawa na baraza la taifa la kushughulikia elimu yao. Kaskazini ya nchi kuna shule zinazohama na familia, mwalimu na ubao wake juu ya ngamia. Kwa hiyo mkitaka kubadilisha saa za darasa huko mnakokwenda, mnapo pa kusimama. Andikeni, ombeni, zungumzeni na kamati za wazazi. Afisa atakuuliza kwa nini darasa lako la chini linaanza saa tatu. Mwonyeshe daftari la mahudhurio la saa mbili, kisha la saa tatu. Mimi nililifanya hilo baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu, na ruhusa nilipewa.

Najua mtaniambia kuna mtihani, kuna mtaala mpya, kuna kuripoti kwa simu. Najua. Lakini mtoto ambaye hayupo hafanyi mtihani wa mtaala wowote. Na sasa ukame unakuja kwa kufuatana kuliko zamani. Ule wa 2022 mliuona wenyewe, mizoga kando ya barabara. Familia zitahama tena. Mwalimu atakayebaki na jengo tupu akisubiri warudi, watoto hao atakuwa amewapoteza kwa mikono yake, kama nilivyompoteza mimi yule mmoja.

Mzee aliyekaa pale mbele, mwenye kofia, ni mjukuu wa yule mzee wa mitamba. Amekuja na wazazi watatu kutoka huko mnakokwenda. Wanajua siku za maji za mwezi huu na wamekubali kukaa na nyinyi baada ya chakula, mmoja mmoja, mwandike. Kila mmoja wenu achukue daftari pale mezani. Kuna chaki pia, na slati arobaini ambazo watu wa hapa mjini wamezichanga.

Gari la Chakama Jumatatu litaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nitakuwa stendi kuanzia saa kumi na moja na nusu. Wanaokwenda Hadu waje wanione leo kabla hawajaondoka, kwa sababu daraja dogo la njia ile halipitiki na itabidi tuwatafutie pikipiki upande wa pili. Ubao wangu wa kukunja nimewaletea, uko pale mlangoni. Una mikono miwili. Wawili wanaweza kuubeba.